Mtafutieni Mmisionari Mtu wa Kumkanya

Wiki iliyopita kamati ya mapokezi ya usharika wetu ilikaa kwa mara ya tatu. Mwezi ujao tunapokea wamisionari, mtu na mkewe, wanaokuja kwa miaka minne. Maandalizi yamekwenda vizuri. Nyumba imepakwa rangi, tangi la maji limepandishwa, vyandarua na mtungi wa gesi vipo, fundi amebadilisha kitasa cha mlango wa nyuma. Hata wa kuwapeleka Uhamiaji ameshateuliwa. Nikanyoosha mkono nikauliza: nani atakuwa anawaambia wanapokosea? Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa kanisa akanijibu kwa upole, "Mwalimu, wale ni wageni. Tuwavumilie tu."

Jibu hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Nimefundisha wamisionari Kiswahili tangu mwaka 2006, kwenye baraza la nyumba yangu hapa Tabata. Wengine huja wameshapita shule ya lugha Morogoro, au Makoko kule Musoma, wanataka kunyoosha ulimi. Wengine huanzia kwangu na a, e, i, o, u. Nimewaona waliokaa miaka kumi na zaidi, na nimewaona waliofunga mizigo kabla ya masika ya pili. Waliodumu hawakuwa na akili kuliko wenzao, wala hawakuwa waombaji kuliko wenzao. Karibu wote walikuwa na mtu mmoja hapa mjini aliyeweza kuwaambia "hapo umekosea" bila kuzunguka.

Wasiokuwa na mtu huyo tunawavumilia. Tunatabasamu, tunasema "hamna shida", na wanaishi miaka mitatu na kosa lilelile mtaa mzima unalijua isipokuwa wao.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa mchungaji, mtu mwema kweli, aliyekuja na mkewe. Hakukosa msiba hata mmoja. Alikuja, akasalimia, akaomba, akaweka bahasha nene kwenye meza ya rambirambi, jina likaandikwa kwenye daftari, akaondoka. Dakika ishirini hazifiki. Wafiwa wakasema, "Asante sana mchungaji, Mungu akubariki." Alipokwisha kupanda gari, mama mmoja tuliyekuwa tukimenya naye vitunguu uani akasema, "Huyu naye, kama amekuja kulipia umeme." Tukacheka kidogo, tukaendelea kumenya.

Kila mtu wa Dar anajua kilichokosekana. Hakukaa. Msibani kwetu fedha inahitajika, turubai linakodiwa na wali unapikwa, lakini kinachobeba mfiwa ni watu waliokaa. Wanaume kwenye viti vya plastiki nje, hata kama maongezi ni ya mpira. Wanawake ndani kwenye majamvi, wengine wakilala hapohapo. Mtu anaweza kuja mikono mitupu, akakaa kimya mpaka usiku, na mfiwa akamkumbuka mpaka kaburini.

Mwaka 2011 mama yake yule mchungaji akafariki huko kwao. Alipata habari Jumatano, akamtumia mchungaji kiongozi ujumbe wa simu. Habari ikazunguka, na kila mtu akasema lile tulilozoea kulisema: wazungu hawapendi kusumbuliwa, tumwache apumzike. Mimi nilikwenda Ijumaa. Mkewe alikuwa amesafiri. Nilimkuta peke yake jikoni anaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, vimepangwa safi kwenye sinia, anavirudisha majini kimoja kimoja. Akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, nimekwenda misiba yao yote. Wao wako wapi?"

Nilirudi mtaani nikakusanya akina mama sita wa jumuiya yetu, majamvi mawili, sufuria kubwa, majani ya chai na kilo mbili za sukari. Hatukuuliza kama anapenda. Tulitandika sebuleni tukakaa. Jioni wanaume wakaanza kuingia, viti vikaletwa kutoka kanisani, kwaya ikaja ikaimba. Nilihesabu watu arobaini na kitu, nikaacha. Yeye alikaa chini, mgongo ukutani, akalia kwa sauti kama mtu yeyote.

Siku chache baadaye nilimweleza yote: bahasha, dakika ishirini, maneno ya pale uani. Alinyamaza kwanza, kisha akakasirika, na hasira ilikuwa juu yangu. Kwao, alisema, kukaa muda mrefu kwa mfiwa ni kumchosha. Anayempenda hutoka mapema amwachie nafasi. Alikuwa akitupa heshima kubwa anayoijua. "Miaka mitatu unanifundisha ngeli za nomino," akaniambia, "kwa nini hukunifundisha hili?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nadhani kunyamaza ni adabu.

Msiba uliofuata alikuja saa kumi alasiri akaondoka saa nne usiku. Alibeba mabenchi. Tangu hapo watu wakaanza kumpigia simu usiku kukiwa na mgonjwa, jambo ambalo mwanzo halikutokea hata mara moja.

Niseme na upande wetu mwingine, ambao hatupendi kuutaja kwenye vikao. Mara nyingine hatunyamazi kwa sababu ya adabu. Tunanyamaza kwa sababu ya paa la kanisa, kisima, ada za watoto. Tunaogopa kwamba tukimsema mgeni atachukia, na akichukia marafiki zake wa huko watafunga mkono. Nimekuwa kwenye vikao ambavyo hofu hiyo ilikaa mezani pamoja nasi. Mtu tunayemwogopa kwa ajili ya fedha yake hatuwezi kumwita ndugu, hata tukimwita hivyo kila Jumapili madhabahuni.

Baada ya msiba ule nilibadilisha ufundishaji. Nikaanza kuwauliza wanafunzi, "Jumapili hii ni nini kimekukwaza?" Binti mmoja kutoka Ufini alizunguka sana kabla hajanijibu, mwishowe akataja mnada wa vitu vya sadaka. Anamaanisha ule unaofanyika nje baada ya ibada, chini ya mti, mzee wa kanisa akiinua juu mkungu wa ndizi na kupaza sauti. Alikuwa amefikiria meza za wavunja fedha hekaluni, na kwa miezi mitano, ibada ikiisha, yeye alikuwa akibaki ndani peke yake mpaka kelele ziishe. Watu walidhani ni mtu wa maombi sana.

Jumapili iliyofuata nilimshika mkono tukasimama mbele kabisa. Bibi mmoja mjane alikuwa ameleta mayai saba kwenye kikapu. Hana fedha, ana kuku. Mayai yakaanza kwa elfu mbili, yakapanda, kijana mmoja akayachukua kwa elfu kumi na papo hapo akasema, "Narudisha!" Yakauzwa tena. Yakarudishwa tena. Mara ya nne yalifikia jumla ya elfu thelathini na nane, na mnunuzi wa mwisho akampelekea bibi yuleyule kikapu chake, mayai yote saba ndani. Vigelegele vikapigwa. Bibi akarudi nyumbani na mayai, na sadaka yake ilikuwa imezidi ya wengi wenye mishahara. Yule binti aliuliza kama Jumapili ijayo anaweza kuleta keki.

Nami nilikuja kuangukia shimo hilohilo. Mwaka 2013 kanisa lilinipeleka Ujerumani mwaka mmoja, mji mdogo karibu na Dortmund. Jumapili ya kwanza kanisani tulikuwa watu kumi na tisa, wengi wazee, kwenye jengo la kukaa watu mia nne. Kikapita kifuko cha kitambaa, nikasikia sarafu zikigonga sarafu. Noti sikuiona. Nikaandika kwenye barua ya nyumbani kwamba huku imani imekufa, hata kutoa hawatoi. Niliyaandika maneno hayo kwa uhakika kabisa, nikiwa nimekaa nchini kwao siku nane.

Mama mzee niliyekuwa nikiishi kwake ndiye aliyenisema. Aliniuliza ninaonaje kanisa lao, nikamjibu kwa adabu zetu za Pwani kwamba ni zuri sana. Akasema, "Hapana, niambie kweli." Nikamwambia habari ya sarafu. Akainuka, akaleta karatasi yake ya malipo, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Kule aliyeandikishwa kuwa mshirika wa kanisa hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 juu ya kodi yake ya mapato kutegemea jimbo, na serikali huikusanya kwa niaba ya kanisa. Alikuwa ametoa hivyo tangu ujana wake. Zile sarafu zilikuwa nyongeza. Kisha, kwa kuwa tulishaanza, akanieleza pia kwamba majirani wananiogopa kwa sababu nagonga milango yao bila kutoa taarifa. Kwetu ukipiga hodi umeleta baraka. Kule umemkuta mtu hajajiandaa. Iliniuma siku mbili, na siku ya tatu nilimpenda kama mama yangu.

Watu hudhani haya ya kusemana ni mambo ya siku hizi. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mmoja wa waliokaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Nikiwaambia hivyo wanafunzi wangu huweka kalamu chini. Mmisionari amekuja na Injili, na anayemsaidia kuipatia Biblia maneno ya watu ni msomi wa Kiislamu! Lakini pitia maneno tunayoombea: imani, toba, dhambi, sadaka, ibada, neema. Yote yametoka Kiarabu, na Waswahili Waislamu walikuwa wakiyatumia kabla mmisionari hajashuka jahazini. Lugha ya kanisa letu ilitoka kinywani mwa mwenyeji, na mgeni aliyekubali kurekebishwa akaiandika.

Ndiyo maana huwaambia wanaokuja Dar wasiogope jirani Mwislamu. Familia moja Temeke ililetewa futari mwezi wa Ramadhani, wakaila, wakarudisha sahani imeoshwa inang'aa na haina kitu. Nani angewaambia kwamba sahani hairudi tupu? Niliwaambia mimi, nao wakapeleka ndizi mbivu kutoka uani kwao. Sikukuu ya Krismasi sahani zilikuwa zinapita ukutani pande zote mbili.

Sasa, huyo mtu wa kukanya apatikaneje. Kwanza asiwe anayelipwa na mmisionari. Dereva, mlinzi, dada wa kazi, mkalimani, hawa wote watasema "sawa" kwa sababu wana watoto wa kulisha, na si haki kuwatwisha mzigo huo. Mchungaji kiongozi naye hafai, ana bajeti kichwani. Tafuta mtu mzima, mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume, mwenye shughuli yake na kipato chake, ambaye mtaa unamheshimu kwa ulimi wa kweli. Elimu si hoja. Na mmisionari mwenyewe ndiye aombe, kwa mdomo wake, mbele ya watu: "Mama, naomba unirekebishe." Bila ombi hilo hakuna Mswahili atakayethubutu.

Kisha wakae pamoja mara moja kwa wiki, na swali lisiwe "Nimekosea?" kwa sababu jibu litakuwa "hapana, uko vizuri". Liwe "Wiki hii nimekosea wapi?" Vitu vidogo visidharauliwe. Dada akiulizwa una watoto akajibu "hapana", wenzake huona ameitupa baraka. Kwetu hujibiwa "bado". Akijikwaa akaambiwa "pole", asijibu "si kosa lako".

Na wenyeji tujue kwamba mlango huu una pande mbili. Yule binti wa Ufini, tulipozoeana, aliniuliza kwa nini msichana aliyepata mimba nje ya ndoa husimama mbele ya usharika kurudishwa kundini, na kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba tenor kwenye kwaya. Nilitaka kumjibu kwamba hayo ni mambo yetu. Lakini mimi nilikuwa nimeshamsema mara ngapi? Nililipeleka swali lake kwenye jumuiya, nikalipeleka kwa wazee. Halijaisha mpaka leo, ila mwaka jana kwa mara ya kwanza walisimama wote wawili, msichana na kijana, na mama wa kijana akalia kuliko wote.

Kwa hiyo kwenye kamati sikukubali jibu la "tuwavumilie". Nilipendekeza mama mmoja mjane wa jumuiya yetu anayechoma maandazi asubuhi karibu na kituo cha daladala, na fundi seremala mstaafu kwa ajili ya mume. Yule mama alipoitwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi nikikosea kwao, nani ataniambia?" Wageni wanatua Jumanne ya wiki ya pili. Ameomba kuwemo kwenye gari la kuwapokea uwanja wa ndege, akae kiti cha nyuma pamoja na yule mke.