Nyumba yetu Kamenge ilivamiwa na nani?

SWALI: Shkamoo mzee. Mi nimezaliwa Bujumbura mtaa wa Kamenge ila nimekulia kambi ya wakimbizi Mtabila, saivi niko Kigoma mjini nauza dagaa. Nyumba yetu ilivamiwa usiku wakati wa vita ya Burundi, nilikuwa mdogo, nachokumbuka ni mama kutusukumia chini ya kitanda na kusimamisha magodoro dirishani basi. Sasa kila tukikutana msibani ni ugomvi, mama anasema waliokuja ni vijana wenye guruneti, baba mdogo anasema ni jeshi tena na magari ya deraya, juzi wameitana waongo mbele za watu. Nani mkweli?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mi naona wote wanaweza kuwa wakweli, ila kila mmoja anasimulia siku yake.

Rais Ndadaye alivyouawa Oktoba 1993 mji ukaanza kugawanyika mtaa kwa mtaa, Kamenge na Kinama za Wahutu, Ngagara na Nyakabiga za Watutsi, na waliokuwa wachache wakatimuliwa kila upande (hata Watutsi wa Kamenge walifukuzwa na wengine kuuawa, hilo huwa tunaliruka tukisimulia). Halafu 1994 na 1995 zikaja zile siku za ville morte, yaani mji uliokufa, vijana wa Sans Échec, kundi la Watutsi lenye silaha, wanafunga barabara, maduka hayafunguliwi, ukikatiza mtaa usio wako ndo imetoka hiyo. Guruneti zilikuwa nyingi mno kipindi hicho, kwahiyo ya mama yako siishangai kabisa.

Ya baba mdogo inanipeleka Juni 1995. Hapo jeshi liliizunguka Kamenge likisema linasaka wapiganaji wenye silaha, na kweli walikuwepo, ila raia ndo walioumia, watu wakakimbilia milimani, wengine wakavuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Zaire (Kongo ya sasa), mtaa ukabaki mtupu. Na usidhani vijana na jeshi walikuwa vitu viwili mbalimbali kila mara, watetezi wa haki za binadamu walilalamika sana kwamba askari walikuwa wanawaachia vijana wafanye watakavyo, mara nyingine wanaingia nao.

Sasa we muulize baba mdogo swali moja tu, usiku ule wa magodoro yeye alilala wapi? Familia nyingi zilitanguliza kina mama na watoto, wanaume wakabaki kulinda nyumba. Inawezekana nyie mlishatoka kitambo, yeye akayakuta ya Juni. Na muulize mama kama mlipitia Uvira, maana vita ilipofika kule Oktoba 1996 wengi walivuka ziwa kuja Kigoma, ukipata hilo tarehe zitaanza kukaa zenyewe.

Waulize mmoja mmoja, nyumbani, sio msibani, na urekodi kwa simu. Hilo la kuitana waongo baba mdogo ndo aanze kuomba radhi, yule ni mke wa kaka yake.