Kimo na Uzani Ulingoni: Jibu Langu kwa Mama wa Mtoto Mdogo

Wiki mbili zilizopita, mama mmoja kutoka Kondele alimleta mwanawe katika ukumbi tunaofanyia mazoezi hapa Kisumu. Alisimama mlangoni akawatazama vijana wakipigana mateke, kisha akanivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu wangu ni mdogo wa mwili. Hao wakubwa hawatamuumiza?" Mtoto ana miaka kumi na mmoja, na alikuwa akisikiliza huku akijifanya anachungulia dirishani. Nilimjibu mamaye kwamba mwili mkubwa ni faida ya kweli, kwamba mwanawe angehitaji kufundishwa kwa namna yake, na kwamba sitampanga na mkubwa kabla ya wakati wake. Aliondoka ameridhika, lakini mimi nilibaki nikiona kwamba jibu lile linastahili kuandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu nilipokuwa kijana mimi mwenyewe nililikosa na likanigharimu.

Mwalimu aliyenifundisha karate Nakuru alikuwa mtu mwema na mvumilivu, ila kila nilipomuuliza kuhusu kimo changu alinijibu kwa methali moja tu: wembamba wa reli, garimoshi hupita. Nilimwamini kabisa. Nilipokuwa na umri wa miaka 22, nikiwa na kilo 61 na urefu wa mita 1.65, niliingia katika mashindano ambayo washiriki wake walikuwa wachache mno, hivyo waandalizi wakaunganisha uzani wote kuwa kundi moja. Nikapangwa na jamaa mwenye kilo zaidi ya 80 ambaye bega lake lilikuwa sawa na kipaji changu cha uso. Hakuwa mjuzi kuliko mimi. Hata wenzake walikiri hivyo baadaye. Alichofanya ni kuinua mguu wa mbele kila nilipoanza kusogea, na kisigino chake kikanikuta mbavuni kabla ngumi yangu haijafika nusu ya safari. Pambano lilipokwisha nilikuwa na nyufa katika mbavu mbili, na kwa wiki sita sikuweza kulala ubavu wa kushoto.

Nilitumia wiki hizo sita kufikiri, na nikaelewa jambo ambalo sasa ndilo msingi wa mafundisho yangu. Kati ya wapiganaji wawili wa kimo tofauti kuna sehemu nne za umbali. Mbali kabisa, hakuna anayemfikia mwenzake. Karibu, wote wawili wanafikiana. Karibu zaidi, kifua kwa kifua, mikono mirefu inakosa nafasi ya kujinyoosha na aliye mfupi huanza kupumua. Lakini katikati ya mbali na karibu lipo pengo, pengine la shibiri moja na pengine la shibiri mbili, ambamo mrefu anaweza kukupiga nawe huwezi kumpiga. Urefu wote wa mpinzani wako, ukiuchambua, faida yake kubwa imo ndani ya pengo hilo. Kosa langu kule Nakuru halikuwa kupigana na mtu mrefu, bali kusimama ndani ya pengo nikitafakari la kufanya.

Uzani ni habari nyingine, na ni vibaya kuuchanganya na kimo. Mrefu mwembamba anakupa shida ya umbali tu, ilhali mzito anakupa shida baada ya kugusana, kwa kuwa teke lake lina nguvu zaidi, msukumo wake unakuhamisha hata ukiwa umejikita vizuri, na akikulalia kifuani unatumia pumzi zako kubeba mwili wake. Ni kweli kwamba mwili unapokua, uzito wake huongezeka haraka kuliko nguvu za misuli yake, na ndiyo maana watu wakubwa wengi huchoka mapema na wadogo huwa wepesi wa miguu. Hata hivyo, nguvu zinazokupata wewe ni nguvu zake zote, si nguvu zake zikigawanywa kwa kilo zake.

Anayetaka ushahidi autafute kwenye judo, mchezo ambao kwa miaka mingi ulitangazwa kuwa sanaa ya mdogo kumwangusha mkubwa. Judo ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 1964, Wajapani walishinda uzani wote mitatu, ukabaki ule usio na mipaka ya kilo, ambao ndio uliokuwa na heshima kubwa kuliko yote. Katika fainali, Akio Kaminaga wa Japani alikutana na Anton Geesink wa Uholanzi, jitu la mita 1.98, na Geesink akambana Kaminaga chini mbele ya Wajapani wenzake hadi muda wa kubana ukatimia. Tusidhani kwamba Geesink alishinda kwa ukubwa peke yake. Alikuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1961, na miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kwa bidii kutoka kwa Wajapani hao hao. Hapo ndipo penye funzo, kwani Kaminaga alikuwa na ujuzi wa hali ya juu na mwenzake alikuwa nao vilevile, na ujuzi ulipolingana, mwili ukaamua.

Vijana wangu huniletea mfano wa Royce Gracie, Mbrazili wa kilo takriban 80 aliyewashinda watu wakubwa katika mashindano ya kwanza ya UFC, mapigano yanayochanganya mitindo yote, huko Denver mwaka 1993, na mwaka uliofuata akamkaba kwa miguu Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 25, baada ya kulaliwa naye kwa dakika kama kumi na tano. Ni mfano mzuri na ninauheshimu. Lakini wapinzani wengi wa Gracie siku hizo hawakujua lolote kuhusu kukaba mtu mkiwa chini, na Severn, hodari wa kuangusha kama alivyokuwa, hakuzijua kaba za miguu. Elimu hiyo ilipoenea, kilo zilirudi kudai haki yake, na kufikia mwaka 1997 mashindano hayo hayo yalikuwa yameanza kuwagawa wapiganaji kwa uzani. Kwa hiyo ninawaambia: mdogo humshinda mkubwa pale anapojua kitu ambacho mkubwa hakijui. Kazi yenu ni kukitafuta kitu hicho na kukijua vizuri kabisa.

Sheria za mchezo nazo zina mkono wake, na mzazi anayemchagulia mtoto mchezo anapaswa kuzijua. Taekwondo ya leo inampenda mrefu. Teke la mwilini lina pointi 2 na la kichwani lina pointi 3, kinga za kielektroniki ndizo zinazosajili pigo, na kichwa cha mrefu kiko juu kiasi kwamba mfupi hulazimika kujinyoosha mpaka apoteze mizani. Hapa kwetu magharibi tunamjua Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma. Aliingia taekwondo akitokea kwenye mpira wa kikapu, na akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Tokyo 2020 kwenye uzani wa zaidi ya kilo 67. Sishangai kwamba mchezo wa watu warefu ulimwandaa kwa mchezo mwingine wenye kuwafaa warefu. Judo kwa upande wake ilimwondolea mfupi silaha yake nzuri, kwa kuwa tangu mwaka 2010 shirikisho la dunia lilianza kuadhibu kushika miguu ya mpinzani, na mwaka 2013 likapiga marufuku kabisa. Zamani mtu mfupi aliweza kupiga mbizi akayakumbatia magoti ya jitu na kulimwaga chini. Binafsi naona uamuzi huo uliipunguzia judo utajiri wake.

Ndondi ndiyo iliyolitatua suala hili kwa haki zaidi, kwa kumpima kila mtu kwenye mizani kabla ya kengele. Wazee wa Nakuru hawachoki kumsimulia Philip Waruinge, aliyepata shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na fedha katika ile ya Munich mwaka 1972 katika uzani wa unyoya, ambao kikomo chake kilikuwa kilo 57. Kule Mexico, ingawa alitoka na shaba, alitunukiwa kombe la Val Barker ambalo hupewa mwanandondi mwenye ufundi kuliko wote katika mashindano mazima, wazito wakiwemo. Mtoto mdogo wa mwili akisikia habari hiyo huketi wima.

Kimo, lakini, hakipimwi kwenye mizani, na hapo ndipo wajomba zangu wa Ikolomani, kule Kakamega, walinifundisha jambo bila kukusudia. Nikiwa kijana walinipeleka Malinya kutazama mafahali wakipigana, nami nikamchagua fahali mrefu mwenye miguu mizuri. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, tazama shingo na pembe, miguu ni ya kukimbilia." Fahali wake alikuwa mfupi, ameshiba shingoni, na alipoingia alikwenda moja kwa moja kuweka kichwa chini ya kichwa cha mwenzake bila kusitasita njiani. Yule mrefu alisukumwa kutoka chini, akageuka, na katika mchezo huo anayegeuka amekwisha kushindwa. Niliyaelewa niliyoyaona siku ile miaka mingi baadaye, nikiwa nimefungwa bendeji kifuani.

Kwa hiyo, wewe uliye mfupi, kaa mbali kabisa au kaa karibu kabisa, na safari ya kutoka huku kwenda kule iwe moja isiyo na kituo. Wakati bora wa kuingia ni pale mguu wake unaporudi chini baada ya teke, kwa sababu mguu unaorudi hauwezi kupiga. Usiingie kwa mstari ulionyooka kama nilivyofanya mimi, bali kanyaga nje ya mguu wake wa mbele, ili mkono wake wa nyuma ubaki na safari ndefu. Ukishafika, fanya kazi kwenye mbavu na tumbo kabla ya kutamani kichwa. Kama mchezo wako unaruhusu kuangusha, nyonga zako tayari ziko chini ya nyonga zake, na hiyo ni zawadi ambayo mrefu hulazimika kupiga magoti ili aipate. Mbinu ya kumbeba mpinzani mgongoni, ambayo wanajudo huiita seoi nage, inamfaa mfupi kuliko mtu yeyote. Ila jihadhari na mzito anayekuning'inia shingoni. Akikuegemea kwa dakika mbili, mapaja yako yatakuwa yamekwisha, basi toka ubavuni mwake mapema.

Wewe uliye mrefu, tatizo lako ni kwamba hujawahi kulazimika kujifunza. Ninaye mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye kwa mwaka mzima alishinda kila zoezi kwa mguu wa mbele tu, na siku alipokutana na mtu aliyejua kuingia, hakuwa na jibu lolote mkononi. Sasa robo ya mazoezi yake anayafanya akiwa ameegemeza mgongo ukutani, ili ajifunze kupiga viwiko na kujikwamua bila nafasi. Usiegemeze kichwa nyuma ukidhani urefu utakuokoa, wala usisimame umenyooka kama mlingoti, kwa maana mguu mrefu ulionyooka hufagiliwa kwa urahisi. Kwa wazazi wa wavulana wanaorefuka ghafla, naomba subira. Kwa miezi kadhaa watajikwaa na kupoteza ustadi waliokuwa nao, kwa sababu mwili umebadilika kabla ubongo haujauzoea.

Kuhusu ugomvi wa barabarani sina mengi ya kusema. Huko hakuna refa wala mizani, mkubwa ana faida kuliko mahali pengine popote, na mwanafunzi wangu akinieleza kwamba alikimbia ninampongeza mbele ya wenzake. Na mwalimu anayemnyima mtoto maji na chakula ili ashuke uzani kabla ya mashindano anamdhulumu. Mtoto apigane kwa kilo alizo nazo siku hiyo, kwani mwakani zitakuwa nyingine.

Katika ukumbi wetu, wapiganaji wa mazoezi ya kawaida hawapitani zaidi ya kilo tano, na siku ya Jumamosi pekee ndipo raundi ya mwisho huwa huru kwa wale waliotimiza mwaka mmoja. Katika raundi hiyo mkubwa hupiga kwa nusu ya nguvu zake, nami husimama hatua moja kutoka kwao. Mtoto wa yule mama wa Kondele ana kilo 31. Nimempanga na msichana wa kilo 33 anayemzidi kwa kimo cha kichwa kizima. Jana alipigwa mateke manne ya tumbo yaliyo mepesi, akiwa amesimama palepale nilipomkataza kusimama. Teke la tano aliliacha lianze kurudi, akakanyaga nje, akajikuta kifuani mwa mwenzake, kisha akanigeukia kuniuliza afanye nini sasa.