Protini inajuaje pa kwenda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba ribosomu huru hutengeneza protini za matumizi ya ndani ya seli, na zilizobandikwa kwenye retikulamu endoplazimu hutengeneza za kutolewa nje. Je, hizi ni aina mbili tofauti za ribosomu? Na protini huelekezwa na nini?

JIBU: Marahaba. Swali zuri sana, kwa sababu maelezo hayo huwapoteza wengi. Ribosomu, yaani mashine ndogo za seli zinazounganisha protini, ni zile zile. Ile iliyobandikwa sasa hivi ilikuwa ikielea muda mfupi uliopita, na ikimaliza kazi itarudi kuelea. Kinachoibandika ni protini yenyewe inayotengenezwa.

Tuifuate insulini. Ribosomu huanza kusoma mRNA yake, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, ikiwa huru kabisa. Asidi amino, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa protini, 24 za mwanzo ndizo anwani. Mara tu zinapochomoza, chembe maalumu huzidaka, husimamisha usomaji kwa muda, kisha huivuta ribosomu nzima hadi kwenye utando wa retikulamu, ule mtandao wa vifuko na mirija ndani ya seli. Hapo usomaji huendelea, na mnyororo hupenyezwa ndani kupitia tundu huku ukirefuka. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani zake zenyewe.

Mnyororo wa insulini huanza na asidi amino 110. Anwani ikishakatwa, hubaki 86. Ndani ya retikulamu mnyororo hukunjwa na kufungwa kwa madaraja matatu ya salfa, kisha husafirishwa kwa vifuko vya utando hadi Golgi, kituo cha seli cha kuchambua na kufungasha protini. Baadaye, ndani ya vifuko vya akiba, vimeng'enya hukata kipande cha katikati, na insulini kamili hubaki na asidi amino 51 katika minyororo miwili iliyoshikana. Kipande hicho, kiitwacho C-peptaidi, hakitupwi: hutoka pamoja na insulini, kwa idadi sawa ya molekuli. Ndiyo maana daktari akitaka kujua kama kongosho la mgonjwa anayejidunga insulini bado linatengeneza ya kwake, hupima C-peptaidi, kwani insulini ya kudungwa haina kipande hicho. Napenda sana mfano huu, maana hatua ndogo ndani ya kifuko inasomeka kwenye damu.

Retikulamu pia ni mkaguzi mkali. Protini isiyokunjwa sawasawa huzuiwa, hurudishwa kwenye sitoplazimu (ute wa seli) na kuvunjwavunjwa. Ukali huu una gharama. Katika sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito, wagonjwa wengi wana protini ya CFTR, inayopitisha chumvi kwenye utando wa seli, iliyopungukiwa asidi amino moja tu, ile ya 508, kati ya 1,480. Ingefika kwenye utando wa seli ingefanya kazi kiasi, lakini karibu yote huishia kwa mkaguzi.

Protini nyingi zinazopita njia hii huongezewa sukari, ingawa insulini haiongezewi. Sukari hizo husaidia ukunjaji, na nyingine hugeuka kuwa anwani. Kwenye Golgi, vimeng'enya vya lisosomu, vifuko vya seli vya kumeng'enya takataka, hupachikwa fosfati juu ya sukari ya manosi, na vipokezi hutambua alama hiyo na kuviweka kwenye vifuko vya kwenda lisosomu. Mtu akirithi kasoro ya kupachika alama hiyo, katika seli zake nyingi vimeng'enya hivyo humwagwa nje, na lisosomu hujaa takataka zisizomeng'enywa.

Kwa hiyo sahihisha pia sehemu ya pili ya ulichosoma. Ribosomu zilizobandikwa hazitengenezi za nje peke yake. Protini za lisosomu, za Golgi na nyingi za utando wa seli hupita humo humo. Na zile zinazomaliziwa na ribosomu huru hazibaki zote kwenye sitoplazimu: zenye anwani ya kiini huingia kwenye kiini, zenye anwani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huenda mitokondria, nazo huingia baada ya mnyororo kukamilika, tofauti na insulini inayoingia ingali inatengenezwa.