Maswali ya mantiki kwenye usaili wa mchujo: fanya machache, uyachimbe mpaka mwisho

Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilifanya usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596, na walioitwa walikuwa zaidi ya laki moja. Gawanya mwenyewe: kwa kila kiti kimoja, zaidi ya watu sitini. Naitaja namba hiyo kwa sababu inaeleza mitihani ya mchujo ilivyo. Mwajiri aliyeletewa umati huo hawezi kumsikiliza kila mtu. Anahitaji maswali ya kuchagua yanayosahihishwa haraka, na yanayowatenganisha watu wenye vyeti vinavyofanana. Ndiyo maana maswali ya mantiki yanapendwa sana kwenye mitihani ya aina hii, yetu na ya nchi nyingine.

Nimepita kwenye mchujo mwenyewe, na tangu hapo nimekuwa nikikaa na wadogo zangu wa mtaani wanaojiandaa. Karibu wote huanza kwa njia moja: wanatumiwa PDF kwenye kundi la WhatsApp, maswali mia tano na majibu yake nyuma, wanayapitia kwa kasi. Swali, chungulia jibu, "ahaa, nimeelewa", linalofuata. Wiki mbili baadaye ukimpa swali lilelile ukabadilisha majina tu, anakwama. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo: fanya maswali machache kwa siku, na usiliache swali mpaka uweze kueleza kwa nini kila jibu lisilo sahihi si sahihi. Mtunzi wa mtihani hatungi majibu mabaya kwa kubahatisha. Anajua mtu mwenye haraka ataangukia wapi, na pale pale ndipo anapoweka chaguo B.

Chukua hili. Wahasibu wote wa kampuni fulani ni wanachama wa SACCOS. Baadhi ya wanachama wa SACCOS hiyo ni wafugaji. Je, ni lazima baadhi ya wahasibu wawe wafugaji? Wengi hujibu ndiyo, kwa sababu sentensi zinateleza vizuri mdomoni. Sasa chora. Duara kubwa ni SACCOS, duara dogo la wahasibu liko lote ndani yake. Duara la wafugaji lazima liingie kwenye SACCOS, lakini jaribu kulichora likiwakwepa wahasibu. Linawezekana kabisa, basi hitimisho halilazimiki. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na mtihani haukuuliza kuhusu huenda. Michoro hii inabeba jina la Mwingereza John Venn, aliyeandika juu yake mwaka 1880, na mpaka leo sijaona silaha bora kwa maswali ya "wote", "baadhi" na "hakuna". Siri yake ni kuchora ukiwa na nia ya kuliangusha hitimisho. Ukishindwa kuliangusha kwa kila namna, hapo ndipo ulikubali.

Maswali ya "kama... basi" ndiyo yanayoniuma zaidi, maana watu wenye akili sana wanapoteza alama hapo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alieleza jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kama upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Tafadhali jibu kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Wengi huchagua A na 4. Jibu ni A na 7. Nyuma ya 4 kukiwa na irabu, sawa. Kukiwa na konsonanti, pia sawa, kwa sababu kanuni haikusema lolote kuhusu konsonanti. Lakini nyuma ya 7 kukiwa na irabu, kanuni imevunjika pale pale.

Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Richard Griggs na James Cox, waliuliza jambo hilohilo kwa kutumia pombe na umri, na safari hii wengi walipata. Tuliweke kwetu. Wewe ni mkaguzi, umeingia baa. Sheria: anayekunywa bia lazima awe na miaka 18 au zaidi. Mmoja anakunywa bia, wa pili anakunywa soda, wa tatu ana miaka 25, wa nne ana miaka 16. Unamkagua nani? Hata mtoto wa sekondari atakwambia: mwenye bia, na yule wa miaka 16. Wa miaka 25 hana haja ya kusumbuliwa, anywe chochote. Ni swali lilelile la kadi, limevishwa watu tu.

Kwa hiyo swali likija na P na Q, au na maneno ya ofisini yasiyoshikika, lihamishie baa. P ni bia, Q ni umri halali. Ukiambiwa P ipo, Q ipo. Ukiambiwa Q haipo, basi P haipo. Ukiambiwa Q ipo tu, hujaambiwa kitu: mtu mzima anaweza kuwa anakunywa soda. Na ukiambiwa P haipo, vilevile huna hitimisho, maana mnywa soda anaweza kuwa wa umri wowote. Nimeona vijana wakipambana na mistari hiyo minne kwa siku kadhaa, kisha ikawakaa ndani ya jioni moja walipoanza kuiona kwa sura za watu.

Maswali ya kupanga watu kwenye foleni au kuzunguka meza yanatisha kwa urefu tu. Mfano: watu watano wamepanga foleni benki. Asha yuko mbele ya Baraka, lakini hawajafuatana. Edna si wa kwanza. Daudi ni wa mwisho. Chausiku yuko katikati kabisa. Ukianza na sentensi ya kwanza kwa sababu imeandikwa ya kwanza, utajaza karatasi kwa uwezekano. Anza na wale wenye nafasi moja tu: Chausiku wa tatu, Daudi wa tano. Zimebaki nafasi ya kwanza, ya pili na ya nne. Edna si wa kwanza, na Baraka hawezi kuwa wa kwanza kwa kuwa Asha yuko mbele yake, basi wa kwanza ni Asha. Baraka hamfuati moja kwa moja, basi yuko wa nne. Edna kapata ya pili. Hakuna kubahatisha hata mara moja. Chora vistari vitano kwenye karatasi kabla hujasoma sharti la kwanza, na kila sharti ulilolitumia likate.

Mfululizo wa namba sitaukalia sana. Tazama tofauti kati ya namba kwanza: 2, 6, 12, 20, 30 inapanda kwa 4, 6, 8, 10, basi inayofuata ni 42. Zikipanda na kushuka kwa zamu, kama 5, 20, 8, 17, 11, 14, shuku kwamba ni mifululizo miwili imesukwa pamoja: 5, 8, 11 na 20, 17, 14. Inayofuata ni 14 tena, na hapo wengi wanaogopa kuichagua kwa sababu namba imejirudia.

Kwa maswali ya dhana iliyojificha nyuma ya kauli, ikanushe dhana uone kama kauli inaanguka. Halmashauri imeongeza muda wa kulipia leseni ili wafanyabiashara wengi zaidi walipe. Dhana: wapo ambao wangelipa wakipewa muda. Kanusha: hakuna atakayelipa hata akiongezewa. Uamuzi wote unakosa maana, kwa hiyo dhana hiyo ndiyo yenyewe.

Vifaa vingi vya bure mtandaoni vimetungwa kwa ajili ya mitihani ya India, ya benki, ya reli na ya utumishi wa umma. Ni vizuri sana, vitumie bila wasiwasi. Kaa macho tu kwenye mikakati ya kukisia, kwa sababu kule baadhi ya mitihani hukata alama kwa jibu baya: karatasi za kuchagua za hatua ya awali ya utumishi wa umma wa India hukata theluthi ya alama za swali. Mtihani wako unaweza kuwa na utaratibu tofauti, basi soma maelekezo ya karatasi yako. Kama hakuna makato, usiache swali hata moja wazi. Na anayekuuzia "maswali yatakayotoka", mwache na biashara yake.

Weka daftari la makosa, lakini usiandike "swali la 14 nimekosa". Andika aina ya kosa: nimegeuza kama na basi, nimesoma baadhi kama wote, nimeongeza jambo ninalolijua ambalo swali halikusema. Ukurasa ukijaa utaona kosa moja au mawili ndiyo yanayojirudia, na hayo ndiyo ya kufanyia kazi wiki nzima. Saa ianze kutumika baada ya hapo, usahihi ukishatulia. Na mtafute mwenzako mmoja, mkutane hata kwa simu: mmoja anasoma swali, mwingine anaeleza kwa sauti kwa nini ameyakataa majibu matatu. Akisema "naona tu kama siyo", mrudishe mwanzo.