Barua kwa mwanangu: hukugwaya, ulikufa ganzi

Mwanangu, hujambo baba. Huku tupo, mzee ni lile goti lake tu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya kwamba vijana wa pikipiki walimpora mwenzako simu pale stendi wewe ukabaki umesimama kama nguzo, na sasa kazini wanakucheka eti "uligwaya", ndo unaniuliza hilo neno hasa maana yake nini na kama kuna lingine.

Kugwaya ni kuogopa mpaka kutetemeka, na mara nyingi mtu anakijua anachokiogopa na anakikwepa. Ndo maana magazeti ya michezo wanalipenda, timu fulani yaigwaya Simba, mechi hata haijachezwa watu washaanza visingizio. We hukukwepa kitu, hata huo muda wa kukwepa hukuupata.

Kuduwaa ni karibu kidogo, ila si lazima uogope. Mtu anaduwaa hata kwa habari njema, anaduwaa akiona bei ya nyanya. Kupigwa na butwaa vilevile. Bumbuwazi mi naona ni zito zaidi, mtu anaitwa haitiki, ila yote hayo ni mambo ya kichwani.

Lako lilikuwa la mwili. Unalikumbuka banda la kuku la kwa bibi? Ulikuwa darasa la pili, nikaingia magharibi kuokota mayai, mkono uko kwenye kiota ndo namuona swila kajizungusha pembeni kainua kichwa. Sikupiga kelele mwanangu. Naona kila kitu, mpaka ulimi wake unavyotoka na kuingia, akili inaniambia toka toka toka, miguu haisikii. Bibi yako ndo alinivuta kwa kanga, tumefika uani naona ute unachuruzika kiganjani, kumbe yai nililiminya likapasukia mkononi na wala sikulisikia. Bibi akasema huyu kafa ganzi. Ganzi hiyohiyo ya mguu ukiukalia vibaya, au ya sindano ya kung'olea jino, mwili upo ila hauitiki.

Kuganda nalo ni sawa, si mnasema hata simu imeganda. Ila malizia, sema "niliganda kwa woga", na usije ukasema "niliwaganda" maana hapo watu wataelewa uliwang'ang'ania wezi kama ruba, na ungewaganda hivo mbona simu ingerudi 😂

Kwa iyo kesho wakianza tena waambie mama kasema nilikufa ganzi, kugwaya ni kule kwenu mnakojificha chooni bosi akiingia.

Alafu huyo mwenzako keshafunga laini? Asikae nayo hivohivo, kuna hela zake humo.

Mama