Kabla ya Kubonyeza Kitufe: Kwa Wapiga Picha za Eksirei Wanaoanza Kazi Nairobi

Ninyi mnaotoka chuoni na kuingia katika idara za eksirei za hospitali za Nairobi mtatambua mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi yenu haionekani na mtu. Mionzi haina harufu wala haiumi inapompitia mgonjwa, naye hana njia ya kujua kama eneo lililopigwa lilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Kwa hiyo maadili ya kazi hii, kwa maoni yangu, hupimwa kwa yale unayoyafanya ukiwa peke yako nyuma ya kioo chenye madini ya risasi.

Anza na fomu ya ombi. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi iliweka misingi mitatu: kila picha iwe na sababu, mionzi iwe kidogo kadiri inavyowezekana bila kuharibu picha, na viwango vya juu visipitwe kwa wafanyakazi na umma. Angalieni kwamba msingi wa tatu haumhusu mgonjwa, kwani mionzi ya uchunguzi haikuwekewa kikomo kwake. Anachotegemea ni ile misingi miwili ya kwanza, nayo imo mikononi mwa daktari aliyeandika ombi na mwako wewe unayelitekeleza. Fomu ikiwa imeandikwa "kifua" tu bila dalili yoyote, au ikiomba mkono wa kushoto ilhali kijana aliyeanguka na bodaboda ameukumbatia wa kulia, mpigie daktari simu kabla ya kuendelea. Foleni itanung'unika na huenda daktari akajibu kwa ukali, lakini kuuliza ni wajibu wako, si utovu wa adabu. Siti skani ya tumbo huweza kufikia takriban milisivati 8 au zaidi (milisivati ni kizio cha kupimia mionzi ambayo mwili umepokea), wakati picha ya kifua kwa kawaida haifiki hata 0.1, na hivyo ombi la siti skani lisilo na maelezo lastahili kuulizwa maradufu.

Swali la ujauzito nalo lina namna yake. Binti aliyeletwa na mama mkwe, ukimuuliza mlangoni huku mama amesimama kando, atasema hana mimba, nawe utaandika jibu ambalo halina thamani. Mwombe mama asubiri kwenye benchi, funga mlango, muulize tarehe ya hedhi yake ya mwisho kwa sauti ya chini na umweleze kwa nini unauliza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na aridhie mwenyewe. Fomu iliyotiwa sahihi bila maelezo haitoshi.

Mitambo ya kidijitali imeleta majaribu ambayo wakubwa wetu wa enzi za filamu hawakuyajua. Filamu iliyozidishiwa mionzi ilitoka nyeusi na kosa likaonekana na kila mtu, lakini kompyuta husawazisha picha, tena picha iliyozidishiwa hutoka safi zaidi, na taratibu idara nzima huzoea kumpa mgonjwa mionzi isiyohitajika. Basi soma ile namba ya kiwango cha mionzi inayotokea kwenye skrini kila unapopiga, na ukiona inapanda, rekebisha. Baya zaidi ni kuacha mwale wa mionzi ukiwa mpana, ukapiga kifua na nusu ya tumbo la mtoto, kisha ukakata kingo kwenye kompyuta hadi picha ionekane nadhifu. Mtoto ameshapokea mionzi yote, na daktari hatajua kamwe. Punguza eneo kabla ya kupiga. Vivyo hivyo, alama ya kulia au kushoto iwekwe ndani ya eneo la mwale wakati wa kupiga, isiongezwe baadaye kwa kukisia, na picha iliyoharibika isifutwe, bali ihifadhiwe pamoja na sababu yake, kwa maana idara isiyohesabu marudio haiwezi kuyapunguza.

Wagonjwa watakuita daktari kwa sababu ya koti jeupe. Wasahihishe kwa upole, na wakiuliza umeona nini, usijibu "hakuna kitu", kwa kuwa maneno hayo humfanya mtu arudi nyumbani bila kuchukua ripoti. Ukiona jambo la hatari, kama hewa iliyobana pafu, mjulishe daktari papo hapo.

Kuhusu siri, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usiitume picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama umeficha jina lake, maana jeraha lisilo la kawaida hutambulika.

Beji ya mionzi, ile inayopima mionzi unayopokea kazini, ni yako peke yako: usimwazime mwenzako wala usiiache ikining'inia ndani ya chumba cha eksirei, kwani kipimo chake kitakuwa uongo. Usizoee kuwashika watoto mwenyewe wakati wa kupiga. Ikilazimu, ashike jamaa asiye mjamzito, akiwa amevaa aproni ya risasi.

Ukiajiriwa katika kliniki ya mtaani, omba kuiona leseni ya mtambo kabla ya kutia sahihi mkataba. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliunda mamlaka inayoitoa, na mwenye kliniki anayesema itakuja mwezi ujao, huku akikutaka uanze leo, anakuomba umsaidie kuvunja sheria. Usiuwashe mtambo huo.