Kiingereza cha Uraia: Shika Kitenzi Pamoja na Neno Lake

Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini fomu za uraia bado ni za Kiingereza. Hapa Nsambya, Kampala, nimewasaidia majirani wengi, hasa Wakongomani na Watanzania, kujiandaa kwa barua na mahojiano. Maneno wanayo, kuyaoanisha ndiko kunakowatatiza.

Usikariri "citizenship" peke yake. Likariri na kitenzi chake, kisha ujiulize nani anatenda. Mwombaji "applies for citizenship", na hiyo "for" usiidondoshe. Kwa kuwa sisi husema kuomba uraia, wengi hukimbilia "ask" au "beg", yaache. Serikali ndiyo "grants citizenship", yaani inayoutoa. Kwa kupata, barua rasmi hupenda "acquire", ingawa kwenye maongezi "get" inatosha.

Upande wa kupoteza uraia usome polepole, maana kosa la hapo ni zito. "Renounce citizenship" ni kuukana uraia kwa hiari yako mwenyewe. "Be deprived of citizenship", au "be stripped of" kama magazeti yanavyopenda kuandika, ni kuvuliwa na serikali. Katiba ya 1995 inatumia "deprived" kwa mtu aliyepata uraia kwa kusajiliwa, kisha ikagundulika, kwa mfano, kwamba aliupata kwa udanganyifu. Sasa fikiria mtu aliyeukana uraia wa kwao kwa amani, halafu anaandika "I was deprived". Ofisa ataanza kutafuta kosa alilotenda, na mimi nisingemlaumu.

Aina za uraia huja na "by": "by birth", "by registration", "by naturalisation", huu wa mwisho, anaopewa mgeni, ndio Watanzania wanauita wa tajnisi. Hapo kwenye "by birth" kuwa mwangalifu sana. Kuzaliwa hapa Kampala, hospitali ya Mulago, hakutoshi. Sheria inataka mzazi au babu au bibi awe wa mojawapo ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, au awe raia wa kuzaliwa. Mtoto wa wageni watupu asiandike "citizen by birth", hata kama hajawahi kuvuka mpaka.

Uraia wa nchi mbili ni "dual citizenship", na kitenzi chake ni "hold". Katiba iliukataza hadi marekebisho ya 2005. Ukiulizwa kama unao, jibu kwa sentensi nzima yenye majina ya nchi zote mbili: "I hold dual citizenship of Uganda and Kenya."